Kabureta ya Pikipiki: Kubadilisha au Kurekebisha?

Pikipiki ya bodaboda inapoanza kulegea mlimani au kunywa petroli kupita kiasi, si ajabu mwenyewe kushauriwa anunue kabureta kubwa zaidi. Ushauri huo una mvuto, kwani ni rahisi kuamini kwamba koromeo pana litaleta nguvu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kwa injini ambayo haijabadilishwa kwa namna nyingine, uamuzi huo aghalabu huwa hasara tupu.

Yafaa kwanza tuelewe utendakazi wa chombo chenyewe. Kabureta haisukumi chochote. Pistoni inaposhuka, hufyonza hewa kupitia koromeo jembamba. Hewa hiyo huongeza kasi, kanieneo yake hupungua, nayo petroli iliyomo katika bakuli la chini hupanda kupitia vitundu vya shaba ambavyo mafundi huviita jeti. (Sioni haja ya wanaisimu kubuni istilahi nyingine ilhali hii imekwisha kukita mizizi gereji.) Kanuni hii ilielezwa na Mwitalia Giovanni Battista Venturi mnamo mwaka wa 1797. Ili petroli yote iungue barabara, huhitaji hewa ya uzito wa takriban mara 14.7 ya uzito wake.

Sasa tuchukue koromeo la milimita 26, tuweke la milimita 30 mahali pake. Tofauti yaonekana ndogo, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa thuluthi moja. Injini nayo haijaongezeka. Ingali inafyonza hewa ile ile. Kwa hiyo kasi ya hewa hupungua kwa robo, na mvuto unaopandisha petroli hupungua kwa zaidi ya thuluthi moja. Matokeo yake ni pikipiki inayosita inapoondoka na abiria wawili, yaani pale hasa ambapo mwanabodaboda anahitaji nguvu.

Je, ulegevu wa awali ulitoka wapi? Mara nyingi ni uchafu katika jeti au kichujio cha hewa kilichoziba vumbi. Sababu nyingine, ambayo husahaulika, ni mwinuko wa nchi. Eldoret iko yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 20. Pikipiki iliyorekebishwa pwani ikipelekwa huko itapata petroli nyingi kuliko hewa: itatoa moshi mweusi, na plagi itajaa masizi. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi, wala si kabureta kubwa.

Plagi ndiyo shahidi mwaminifu. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Weupe wa chokaa huonyesha kwamba petroli ni haba, na hili ndilo la kuogopwa zaidi, kwa maana injini hupata joto kali hata pistoni ikakwama ndani ya silinda. Injini ikifika hapo, pikipiki hulala gereji siku kadhaa, ilhali mwenye chombo angali anadai hesabu yake ya kila jioni.

Urekebishaji hufuata kiasi cha mafuta mwendeshaji anachofungulia. Injini inaponguruma papo hapo, jeti ndogo na skrubu ya hewa ndizo zinazotawala. Katika mwendo wa kati hutawala sindano, ambayo klipu yake ikishushwa mfuo mmoja, sindano hupanda na petroli huongezeka. Mafuta yakifunguliwa yote, jeti kubwa hushika usukani. Fundi mwangalifu hubadilisha kitu kimoja, huiendesha pikipiki, kisha huitazama plagi. Anayetoboa jeti kwa waya ili kuisafisha huipanua bila kujua. Hewa ya kompresa yatosha.

Hata hivyo, zipo hali ambapo kununua ni halali. Injini iliyoongezewa ukubwa wa silinda huenda ikahitaji koromeo pana. Kabureta iliyolika hadi kizibo chake kinachezacheza haiponi kwa skrubu. Hiyo ibadilishwe, lakini kwa nyingine ya kipimo kile kile kilichokuja na pikipiki.