Gari inakunywa maji lakini chini hakuna tone: tutafute wapi?



Wakati wa mavuno, swali moja linaturudilia sana, na halihusu kakao wala kahawa: "Gari yetu inakunywa maji. Leo tunaongeza litri mbili, kesho haiombi kitu. Fundi anaangalia, anasema iko muzuri." Sisi ni waagronome, si mafundi wa motere, lakini jambo hili linagusa mavuno moja kwa moja. Kahawa mbivu inapaswa kutolewa ganda siku ile ile ya kuchumwa; ikilala ndani ya mifuko juu ya gari iliyokufa njiani, inachacha na bei inaanguka. Tena kwenye barabara ya Beni–Kasindi, ambako magari yamekuwa yakisafiri kwa konvoa ya askari, gari ambayo motere imechemka inabaki nyuma. Hapo hatuogopei kahawa peke yake.

Kwanza tuelewe kwa nini maji yanapotea siku moja, siku ingine hapana. Maji ya motere yanazunguka yakiwa yamefungwa na presio. Bushoni ya radiateri njo inashika ile presio, karibu bar 1 kwa magari mengi, na kwa sababu hiyo maji hayachemki hata yakipita digrii 100. Sasa mukumbuke kwamba Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700: pale maji ya sufuria yanachemka kwenye digrii 94 hivi. Bushoni ambayo mpira wake umechoka haishiki presio tena. Gari ikipanda kutoka Beni na mzigo, maji yanachemka mapema na kutokea kwa kampira kadogo ka kumwagia, shofere hasikii kitu. Kesho yake anazunguka mjini bila mzigo, hakuna kinachopotea. Muanzie kwa bushoni, basi. Ni chombo cha bei ndogo, na wengi wanaisahau.

Kisha kuna duriti, ile mipira mikubwa ya maji, na kolye zinazoikaza. Kitu kikipoa kinajikunja. Kolye iliyolegea inaweza kuvuja usiku gari ikiwa baridi, halafu asubuhi motere ikipata moto inajifunga yenyewe. Mutandike karton safi chini ya motere jioni, muiangalie kabla ya kuwasha. Tone likianguka, mutajua upande gani.

Ufa mdogo wa radiateri unafanya kinyume: unafunguka tu kukiwa moto na presio, na maji yanakauka juu ya chuma kabla ya kufika chini. Musitafute tone, mutafute alama: mstari mweupe, wa kijani au wa kutu. Muangalie na tochi asubuhi, motere baridi, mbele ya kuosha gari (kuosha kwanza ni kufuta ushahidi!). Chini ya pompi ya maji kuna katundu. Kakiwa na alama ya maji, pompi inaelekea mwisho. Zulia lenye kulowa miguuni mwa abiria linaonyesha karadiateri ka kupasha moto ndani. Lakini maji masafi yanayodondoka chini wakati klimatizasio inafanya kazi si ugonjwa.

Kama nje kote kumekauka, tuogope joint ya kulasi. Moshi mweupe usioisha hata motere ikiwa imepata moto (mwanzoni, kwa baridi ya asubuhi, moshi kidogo ni kawaida). Mafuta kwenye kijiti cha kupimia yakifanana na kahawa ya maziwa. Mapovu yasiyokoma ndani ya radiateri, ukiwasha ikiwa baridi na bushoni imetolewa. Duriti ya juu kuwa ngumu dakika moja tu baada ya kuwasha. Ukiona moja ya haya, gari isibebe tena mzigo mpaka fundi ahakikishe, juu kulasi ikipindika gharama inapanda sana.

Chombo kinachosaidia zaidi ni daftari ndani ya gari. Shofere aandike tarehe, kilometa, njia, mzigo, na litri alizoongeza, akipima kila mara asubuhi ikiwa baridi. Baada ya majuma mawili mtaona: inapungua kwa kupanda tu? Kwa kulala tu? Ni kama mkahawa unaonyauka: tunauliza umeanza lini na wapi, kabla ya kununua dawa.

Bushoni haifunguliwi motere ikiwa moto, hata kama konvoa inaondoka; maji yataruka na kuunguza uso. Musimwage maji baridi ndani ya motere yenye moto, inaweza kupasuka. Unga wa kuziba unaweza kuziba pia radiateri, sisi hatuupendi. Na maji ya mto yanaleta kutu: muweke likidi ya rangi inayofaa motere yenu, ambayo hata ikivuja inaonekana.

Mukienda garaji, muulize kama wako na pompi ya kupimia presio. Fundi anaifunga mahali pa bushoni, anapandisha mpaka bar iliyoandikwa juu ya bushoni, anangoja dakika kumi. Sindano ikishuka na nje kumekauka, maji yanaweza kuwa yanaingia ndani ya motere. Mumuombe apime mara mbili: motere baridi, kisha ikiwa na moto.