Namba chini ya kilauri: historia tunayokunywa kila siku

Kwa nyumba nyingi za kwetu, ndani ya kabati ya mama, kuko vilauri vya kioo kizito vyenye kupita watoto wote umri. Geuza kimoja: chini unasoma «Duralex», na karibu yake namba ndogo. Sisi tunaopenda kukusanya vyombo vya zamani, ile namba njo ilitupa hamu ya kuuliza.

Kule Ufaransa, watoto wa masomo wanaichezea wakati wa kula: namba unayopata, njo miaka yako! Kumbe ni namba ya kalibu, ile forma ya chuma yenye kuzaa kilauri. Kasoro ikionekana, wafanyakazi wanajua mara moja ni kalibu gani ya kutengeneza.

Kiwanda kiko La Chapelle-Saint-Mesmin, karibu na mji wa Orléans. Zamani, chini ya kampuni Saint-Gobain, kilifanya vioo vya motokari. Ufundi ule ule ukaingia mezani: kioo kinapashwa moto kupita digri 600, kisha kinapulizwa hewa baridi gafula. Ngozi ya juu inakauka kwanza, ndani inapoa nyuma na kuivuta. Njo maana kinavumilia chai ya moto na kuanguka. Jina lilitoka kwa methali ya Kilatini: sheria ni ngumu, lakini ni sheria. Marke ilizaliwa 1945, kilauri Gigogne 1946, Picardie 1954.

Lakini ile nguvu iko na deni. Mukwaruzo ukiingia sana, kilauri kinaweza kupasuka chenyewe juu ya meza, vipande vidogo vidogo kila pahali, bila mtu kukigusa. Hapo musitafute mchawi ndani ya jamaa, wala kumushitaki mtoto wa watu. Ni kioo chenyewe kimeachilia nguvu iliyofungwa ndani.

Kiwanda nacho kilikaribia kupasuka. Tarehe 26 Julai 2024, tribinali ya Orléans ilikubali wafanyakazi, zaidi ya 200, wakichukue wenyewe kama koperative.

Basi, mbele ya kuuza vya mama kwa bei ya bure, muviangalie vizuri. Musivisugue na muchanga wala waya. Chenye mukwaruzo mukubwa, musikitilie tena chai: mukiweke pembeni, kikae ukumbusho.