Gunia la Chekalini na Bei Itokayo Mbali

Mwanafunzi atakaye kuujua msingi wa biashara ya kimataifa aghalabu huanza na kitabu, na kitabu humpeleka moja kwa moja Uingereza na Ureno. Lakini mimi, madhali nimepata wasaa wa kulieleza jambo hili kwa watu wasio na mtihani wa kufanya, napenda kuanzia Chekalini, katika eneo la Lugari, kaskazini ya Kakamega nchini Kenya, mwezi wa Novemba, wakati mahindi yamekwisha kuvunwa, kupukuchuliwa na kuanikwa, na mkulima ameketi kando ya gunia la kilo 90 akimngoja mnunuzi amtajie bei. Bei hiyo mnunuzi huitamka kana kwamba ameitunga mwenyewe njiani, juu ya lori lake, ilhali ukweli ni kwamba haikutungwa naye, wala haikutungwa Kakamega.

Hata kilichomo ndani ya gunia ni mgeni aliyezoeleka. Asili ya zao hilo ni Mexico, nalo lilifika Afrika katika zama za Wareno. Na watu wa pwani, ambao desturi yao ilikuwa kukipa kitu jina la upande waliodhani kimetokea, wakaliita mahindi, kama kwamba limetoka Hindi. Hapo walikosea, lakini katika kitambaa cha merikani walipatia, kwa maana kilitoka kweli Marekani, katika viwanda vya Massachusetts, na biashara yake ikapata nguvu Unguja baada ya Sultani Sayyid Said kufunga mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Basi anayedai kuwa tijara ya mataifa ni jambo la jana Afrika Mashariki hajayasoma hata majina ya vitu vya nyumbani kwake.

Walakini biashara ya kimataifa ni jambo moja, na utandawazi ni jambo jingine, ingawa wengi huyachanganya. Biashara ni bidhaa kuvuka mpaka kwa hiari ya muuzaji na mnunuzi. Utandawazi ni ile hali ya mambo ya mbali kukufikia hata kama hukuuza wala hukununua. Kiwavijeshi vamizi, mdudu wa asili ya Amerika, alionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kuingia katika mashamba ya Kenya, bila ya hati ya forodha na bila ya kulipa ushuru. Na mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine na biashara ya mbolea ya dunia ikavurugika, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP ulipita shilingi 6,000 nchini Kenya, hata serikali ikalazimika kutoa mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500. Na mkulima wa Lugari, ambaye hana ugomvi na mtu yeyote wa Ulaya ya Mashariki, alipanda mahindi yake kwa gharama iliyopangwa na mizinga ya huko.

Sasa turudi Ureno, kwa sababu hatuwezi kumkwepa David Ricardo. Mwaka 1817 mtaalamu huyu wa uchumi aliuliza swali ambalo kwa juujuu laonekana la kipuuzi: iwapo Ureno yaweza kutengeneza divai kwa kazi ya watu 80 na nguo kwa kazi ya watu 90, na Uingereza yahitaji watu 120 kwa divai na 100 kwa nguo, yaani Ureno yaishinda Uingereza katika yote mawili, je, kuna haja gani ya kufanya biashara? Jawabu lake ni kwamba haja ipo, maana Ureno yaishinda Uingereza kwa mbali katika divai na kwa karibu tu katika nguo. Kwa hiyo kila mmoja ashike ile kazi ambayo ndani yake nafuu yake ni kubwa zaidi, au udhaifu wake ni mdogo zaidi, kisha wabadilishane.

Ukitaka kuliona jambo hili bila ya divai, tazama upande wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Sehemu nyingi za Uganda hupata mvua mara mbili na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Lugari hupanda Machi au Aprili na kungoja hadi mwisho wa mwaka. Mwezi wa Julai, wakati mahindi ya Chekalini yangali mabichi, yale ya Uganda yamekwisha kukauka na yanavuka mpaka, na kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2005, huvuka bila ushuru, hali mahindi ya kutoka nje ya Jumuiya kwa kawaida hutozwa asilimia 50.

Lakini mkataba una maandishi yake na mpaka una tabia zake. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hoja ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti. Sumukuvu ni hatari ya kweli, wala sitaki kuifanyia mzaha. Ila mwanafunzi ajue kwamba ushuru ukiondolewa, cheti cha afya chaweza kuwa ukuta mrefu kuliko ushuru. Na kinyume chake chawezekana pia: mwaka 2017, njaa ilipobana na uchaguzi ukikaribia, serikali iliondoa ushuru, meli yenye mahindi ya Mexico ikatia nanga Mombasa mwezi wa Mei, na pakiti ya unga ya kilo mbili ikauzwa kwa shilingi 90. Zao likarudi kutoka nchi yake ya asili kuja kushindana na wajukuu zake.

Je, huko ni kumfaidi mkulima au kumdhuru? Vitabu hupenda kumweka muuzaji upande huu na mlaji upande ule, kisha kupima nani amepata na nani amepoteza. Mizani hiyo haimpimi sawasawa mtu wa Chekalini, kwa kuwa aghalabu yeye ndiye wote wawili. Karo ya Januari humfanya auze gunia lake mapema, wakati kila jirani anauza na bei imelala. Na ifikapo Juni ghala ni tupu, naye huenda sokoni na gorogoro, kopo la kupimia nafaka, kununua mahindi, pengine ya Uganda, kwa bei iliyopanda. Mwezi ule wa Novemba angelipenda mpaka ufungwe; mwezi huu wa Juni anauombea uwe wazi.

Ricardo hakuandika juu ya mtu huyu, kwa kuwa hesabu yake haina karo, haina ghala na haina miezi.