Akisema «ndiyo», muulize tena

Kwenye kariere nyingi yuko kijana wa namna hii: mwili wa mtu mzima, akili ya mtoto. Si kichaa. Alizaliwa vile, hakuna dawa. Anabeba mifuko, anachota maji, kila mutu anamutuma. Banamupenda kwa kuwa hakatai kitu, na hapo ndipo hatari inaanzia. Mwizi wa nyaya akimwambia «Shika hizi, ningojee», atashika, atangoja. Polisi wakifika, mwizi amekimbia; yeye iko pale, nyaya mukononi.

Ndani ya kasho mambo yanazidi. Amezoea kumfurahisha mkubwa. Wakimuuliza «Ni wewe?», anasema ndiyo. «Ni mwenzako?» Ndiyo vile vile.

Marekani wanamkumbuka Joe Arridy. Baba yake, mtu aliyetoka Siria, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma kule Pueblo, Colorado. Familia kama zetu. Mwaka 1936 msichana aliuawa mjini humo. Joe, miaka 21, alikamatwa mbali, karibu na reli ya Cheyenne, na mkuu wa polisi wa pale akasema kijana amekubali kila kitu. Maelezo yake yalikuwa yanageuka kufuatana na maulizo. Tena Pueblo walikuwa wamekwisha kumkamata mwingine, Frank Aguilar, ambaye aliuawa na serikali mwaka 1937. Joe naye waliingiza katika chumba cha gesi tarehe 6 Januari 1939. Gerezani alikuwa anacheza na treni ya watoto. Gavana alimsamehe 2011, miaka 72 nyuma ya kifo.

Kwetu Kongo, Katiba, kifungu cha 18, inasema: mtu aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoelewa, aonane mara moja na familia ao avoka wake, na asipitishe masaa 48 mbele ya kuachiliwa ao kupelekwa kwa wenye sheria. Kwa maoni yangu, «lugha anayoelewa» si Kiswahili tu: ni maneno mafupi, polepole.

Basi mama, usingoje kesho. Enda siku ile ile, na karatasi ya masomo ao ya hospitali kama iko. Umwambie OPJ wazi hali ya mutoto, hata kama una haya. Uombe ukae karibu naye wakati wa maulizo. Na asisinye PV ambayo hakuna mutu amemusomea.