Breki Nyepesi Kwenye Miteremko ya Manga

Breki za haidroliki za baiskeli za mbio za nyika zimepungua uzito ajabu. Leva, paipu na kalipa, yaani kibanio kinachoshika diski, vyote vya gurudumu moja, vinaweza kufikia gramu 200 tu. Anayeshindana hufurahia kila gramu inayotoka. Lakini kaunti za Kisii na Nyamira hazina tambarare ya kupumzisha mkono. Ukitoka Manga ukishukia upande wa mji wa Kisii, au ukikatiza vijia vya chai huko Kebirigo, vidole hukaa kwenye leva muda mrefu, na kinachopimwa hapo ni joto.

Tupige hesabu. Mwendeshaji na baiskeli yake, kilo 85 kwa jumla, wakishuka kimo cha mita 200 huachilia nishati ya jouli 167,000 hivi. Hiyo inatosha kuchemsha nusu lita ya maji. Upepo na matairi huchukua sehemu yake, lakini mteremko ukiwa mkali nawe unashuka polepole, nyingi huishia kwenye breki. Diski ya chuma yenye gramu 100 hupanda karibu nyuzi 20 kwa kila jouli 1,000 inazopokea. Isipowahi kulitoa joto hilo hewani, litapenya kwenye pedi, pistoni, hadi kwenye mafuta.

Kwa hiyo punguza gramu kwenye leva na kalipa, ila diski iache. Mbele weka ya milimita 180 badala ya 160, mradi foku inaikubali. Utaongeza gramu 30 hivi na kupata nguvu zaidi kwa karibu thumuni, pamoja na chuma kingi zaidi cha kupoza. Njia zetu hupitiwa na watoto wa shule na akina mama wenye mizigo ya ndizi. Breki ikifa hapo, anayeumia si mwendeshaji peke yake.

Breki hufaje? Mafuta hayabanwi, ndiyo maana nguvu ya vidole hufika kwenye pistoni. Yakichemka hutoa mvuke, nao mvuke hubanwa: leva inagusa usukani na gurudumu linaendelea kuzunguka. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishalowa kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Katika eneo kama hili linalopata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, yabadilishe kila mwaka bila kungoja dalili.

Kinachonisikitisha zaidi ni breki nzuri kuuawa na chupa isiyo yake. Maduka ya spea za pikipiki na magari huuza DOT 3 na DOT 4, na fundi huchukua kilicho karibu. Breki za Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini. Ukizitia DOT, raba za ndani huvimba, pistoni hukwama, na kuosha hakutaziponya. SRAM Level, kwa upande wake, hutaka DOT 5.1 au 4, nayo mafuta ya madini yataiharibu vivyo hivyo. Soma kifuniko cha leva kabla ya kufungua chochote. Mimi huchagua ya madini, kwa kuwa hayanyonyi unyevu wala hayabandui rangi ya fremu. Agiza chupa yake Nairobi uiweke nyumbani kabla hujaihitaji.

Zimebaki pedi. Udongo wetu mwekundu, ukilowa na kuchanganyika na mchanga wa maramu, husaga pedi za resini upesi sana. Za metali hudumu zaidi na huvumilia joto, ingawa hupiga kelele na hupitisha joto jingi kwenda kwenye mafuta. Baadhi ya diski za bei nafuu zimechongwa maandishi kwamba zinakubali resini pekee, kwa hiyo igeuze diski uisome kabla ya kulipia pedi.