Mtia ila hujibiwa kwa kanga

KATIKA mitaa ya Kikwajuni, mjini Zanzibar, ambako nyumba zimekaribiana na majengo ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964 yamewaweka majirani mlango kwa mlango, dogo halifichiki. Mchuzi uliozidi chumvi au nguo zilizochelewa kuanuliwa humpatia mtia ila la kusema barazani.

Mtia ila si mkosoaji. Mkosoaji humwendea mwenye kosa faragha na kumwonyesha njia ya kulirekebisha. Mtia ila hulitaja mbele ya wasiohusika, na likirekebishwa hutafuta jingine. Kumjibu hoja kwa hoja hakufai kitu, kwani haja yake si chumvi, bali kumshusha aliyepika.

Dini imeweka mipaka. Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12, inakataza kudharauliana, kupelelezana na kusengenyana. Hata hivyo, aliyeudhiwa anapaswa kuishi na jirani ambaye kesho watakutana msibani. Ndipo kanga inaposaidia. Aliyejifunga kanga yenye maneno "Hasidi hana sababu" hajamtaja mtu. Anayejijua atasoma, na akilalamika atakuwa amejitangaza mwenyewe.

Taarabu nayo imefanya kazi hiyo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia ya wafinyanzi, alihamia mjini na kuishi Ng'ambo, upande uliko Kikwajuni. Mahasimu wake walimcheka sura na asili yake ya shamba. Katika wimbo wa kuwajibu hakudai kuwa mzuri. Aliitanguliza akili mbele ya umbo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na baada ya kifo chake mwaka 1950 Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Hata hivyo, fumbo lina gharama yake. Huweza kumchoma asiyehusika, na kanga moja ikajibiwa kwa nyingine mpaka ugomvi wa chumvi ukagawa ukoo. Kwa hiyo wazee husisitiza kuwa fumbo ni la kumnyamazisha mtia ila, si la kumwiga. Anayeliendeleza baada ya mwenziwe kunyamaza naye ameshakuwa mtia ila.