Baiskeli za Milimani Kusiko na Mlima

Mwenye baiskeli ya milimani akifika Clumber Park, katika jimbo la Nottinghamshire nchini Uingereza, huenda akauliza mlima uko wapi.

Haupo. Zipo takriban hekta 1,500 za misitu, nyika na mashamba, na ardhi yake huinuka polepole tu. Matairi mapana husaidia penye mchanga, mizizi na matope, na mvua huko si haba.

Zamani yote haya yalikuwa ya ukoo mmoja, wa makabaila wenye cheo cha Duke wa Newcastle. Ndio waliopanda barabara ya miti yenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu, safu mbili kila upande. Waingereza huiita miti hiyo kwa jina lilelile la ndimu, ila usitarajie kuchuma hata moja!

Jumba lao lilibomolewa mwaka 1938. Mwaka 1946 shamba likachukuliwa na shirika la hifadhi la National Trust. Leo anayepita kando ya ziwa huona kanisa limesimama peke yake, na jirani yake uwanja mtupu lilipokuwa jumba.